Uchungu Wenye Kipimo: Habari za Gome la Kwinini

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Kavumu, akiwa na ziwa Kivu mkono wa kuume na milima ya Kahuzi mbali upande wa kushoto, hupita Mudaka. Siku ya soko hapiti upesi, maana barabara yenyewe hujaa watu, mbuzi na vikapu. Tulikuwa tukipita hapo na wanafunzi wetu watatu, nao wakasimama mbele ya mama mmoja aliyetandaza majani na mizizi juu ya gunia. Pembeni mwa mubirizi na vifungu vya majani mengine yenye uchungu palikuwapo vipande vya magome makavu, vyenye rangi ya kahawia kwa nje na nyekundu kidogo kwa ndani. Mmoja wa vijana alivunja kipande kidogo, akakitia ulimini, akatema mate kwa nguvu. Wenziwe wakacheka.

“Ni kwinini,” akasema mama yule. “Ya homa. Chemsha, mnywe.”

Tulipokuwa njiani kurudi, kijana yule aliyetema mate alituuliza swali ambalo wazazi wengi wamekwisha kujiuliza kimya-kimya: “Mwalimu, ikiwa dawa yenyewe inaota katika vilima vyetu, kwa nini mama hutafuta fedha za kulipa kwenye kituo cha afya?” Tulimjibu haraka, tena vibaya. Tulimwambia ya kwamba magome ni mambo ya watu wasiosoma. Naye, kwa adabu yote, akajibu: “Lakini kile kiwanda cha Bukavu kilinunua magome hayo hayo.”

Alitushinda. Basi, wasomaji wapenzi, makala haya ni jibu tulilopaswa kumpa kijana yule siku ile, nasi twaliandika kwa ajili ya wazazi kuliko kwa ajili yake.

Tuanze na mti wenyewe, maana wako wengi wapitao chini yake bila kuujua. Kifaransa huuita quinquina, na wataalamu wa mimea huuita Cinchona. Ni ndugu wa mbuni wetu wa kahawa, wa jamaa moja ya mimea. Majani yake hukaa mawili mawili, yakielekeana. Yale makuukuu hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Maua yake ni madogo, yenye harufu nzuri na nywele laini ukingoni. Hupenda milima yenye ubaridi, mvua isiyokatika muda mrefu, na udongo wenye rutuba usiotuamisha maji. Na mambo hayo Mwenyezi Mungu ameyajalia Kivu kwa wingi.

Ndani ya gome la mti huu mna vitu vingi vyenye uchungu, na vinne ndivyo vikuu: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Vyote vinafanana kama watoto wa tumbo moja, lakini havifanyi kazi sawasawa. Kwinini hupigana na vijidudu vya malaria. Kwinidini nayo hupigana navyo, lakini madaktari wameitumia hasa kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Na moyo ulio mzima ukinyweshwa kwinidini bila kipimo waweza wenyewe kuvurugika. Msomaji na aliweke jambo hilo akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Mti huu si wa Afrika. Kwao ni milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru, Bolivia, Ekuado na Kolombia. Wenyeji wa huko waliujua uchungu wake kabla ya mtu yeyote wa Ulaya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 Wajesuiti waliokuwa wakifanya kazi ya misioni Peru walijifunza habari zake, na miongoni mwao anatajwa Bruda Agostino Salumbrino, mtengeneza dawa wa nyumba yao ya Lima. Kutoka huko gome lilivuka bahari hadi Roma.

Labda msomaji atashangaa: Roma kuna nini na malaria? Roma ya zamani zile ilizungukwa na mabwawa, na kila kiangazi homa iliua watu. Neno lenyewe malaria ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya, kwa kuwa watu walidhani ugonjwa hutoka katika harufu ya mabwawa. Mwaka 1623 makardinali walipokutana kumchagua Papa, homa iliwaingia humo humo mkutanoni. Wengine walikufa, na Papa mpya mwenyewe, Urbano wa Nane, akaugua. Kwa hiyo unga wa gome ulipofika ulipokewa kwa shauku. Kardinali Juan de Lugo, Mjesuiti wa Uhispania, aliununua kwa fedha zake akawagawia maskini bure. Watu wakauita unga wa Wajesuiti, na wengine unga wa Kardinali.

Hapa pana neno tunalotaka wazazi walione. Karatasi ya maelekezo iliyopigwa chapa Roma mwaka 1649 haikusema tu, “Chemsha, mnywe.” Ilisema gome lisagwe, lichungwe, lipimwe uzito wa drakma mbili, litiwe katika divai, na mgonjwa apewe homa inapokaribia. Walikuwa hawajui kijidudu cha malaria, wala hawajui kazi ya mbu, wala hawajui ni kitu gani ndani ya gome kinachoponya. Lakini walikwisha kujua ya kwamba lazima wapime.

Imesimuliwa sana, hata katika vitabu vya shule, ya kwamba mke wa mtawala wa Peru, yaani bibi mkubwa wa Chinchón, ndiye aliyeponywa kwanza kwa gome hili akalileta Ulaya. Hadithi hiyo ni tamu, nasi tuliwahi kuifundisha. Waliochunguza kumbukumbu zilizoandikwa kila siku katika nyumba ya mume wake hawakuona jambo kama hilo. Hata hivyo jina limebaki: mwaka 1742 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuita mti huu Cinchona kwa heshima ya bibi yule, akasahau herufi moja ya jina lake.

Si wote waliolikubali gome. Uingereza wengi waliliogopa kwa sababu tu lilitoka mikononi mwa Wajesuiti. Afadhali homa, walisema, kuliko hila za Roma. Mtu mmoja mjanja, Robert Talbor, akapata utajiri kwa woga huo. Aliuza dawa yake ya siri, huku akiwaonya watu wajihadhari na unga wa Wajesuiti, akamponya mfalme wa Uingereza na mtoto wa mfalme wa Ufaransa. Alipofariki mwaka 1681, siri ikafunuliwa: ndani ya chupa mlikuwa na divai na gome lile lile.

Shida moja ilibaki kwa miaka zaidi ya 150. Gome la mti huu liliponya, la mti ule halikuponya. Wafanya biashara walichanganya magome ya miti isiyo na nguvu, na hata yale ya kweli hayakulingana. Daktari angeweza kupima drakma mbili kwa uangalifu wote, asijue amepima dawa kiasi gani. Mwaka 1820 watengeneza dawa wawili wa Paris, Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifaulu kukitenga kile kitu chenyewe kutoka katika gome, wakakiita kwinini. Hawakuficha njia yao wala kudai haki ya kuimiliki. Waliitangaza, viwanda vikaitumia. Tangu siku hiyo mgonjwa wa Roma na mgonjwa wa Afrika waliweza kupewa uzito mmoja wa dawa moja.

Kwa wanafunzi wetu wa kidato tuongeze hivi: chembe moja ya kwinini ina atomu 20 za kaboni, 24 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Tena ina jambo la kupendeza. Chukueni chupa ya ile soda chungu iitwayo tonic, iliyotiwa kwinini kidogo sana, muiweke juani mbele ya kitambaa cheusi. Mtaona rangi ya samawati ikimemetuka karibu na ukingo wa maji, ijapokuwa maji yenyewe hayana rangi. Ni kwinini inayopokea mwanga wa jua tusiouona na kuurudisha kwa rangi tunayoiona.

Lakini kwinini hufanya nini mwilini? Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Na mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliona ya kwamba mbu ndiye mbebaji wao. Kijidudu huingia katika chembe nyekundu ya damu, hula ile rangi nyekundu iliyomo, na katika kula kwake hubakiza takataka yenye sumu. Ili asife kwa sumu hiyo, huigandisha iwe punje zisizomdhuru. Wataalamu wanaona ya kwamba kwinini humzuia asiigandishe; basi hufa kwa mabaki ya chakula chake mwenyewe. Kwa kazi hiyo yahitajika dawa ya kutosha ndani ya damu, tena kwa siku kadhaa. Ikipungua, kijidudu hubaki. Ikizidi, mgonjwa mwenyewe ndiye anayeumia. Na nafasi iliyopo kati ya kutosha na kuzidi, kwa kwinini, ni nyembamba.

Afrika iliijua dawa hii mapema. David Livingstone hakusafiri bila kwinini. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi iitwayo leo Zambia, wachukuzi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, naye akaandika katika daftari lake ya kwamba ilikuwa kama amesomewa hukumu ya kifo. Miaka iliyofuata alilala mgonjwa muda mrefu huko Bambare, katika Maniema jirani yetu, kabla ya kurudi Ujiji mwaka 1871. Baadaye Wajerumani walipanda miti ya kwinini Amani, katika milima ya Usambara. Na katika vita ya 1914 hadi 1918, meli zao zilipozuiliwa, askari wa Lettow-Vorbeck walinyweshwa maji ya magome yaliyochemshwa, ambayo wenyewe waliyapa kwa mzaha jina la pombe ya jemadari wao. Yalikuwa na ladha mbaya ajabu. Waliyanywa kwa kuwa hawakuwa na jingine.

Wakati huo, kwinini karibu yote ya ulimwengu ilikuwa imekwisha kuwa mali ya kisiwa kimoja, Java. Chanzo chake ni mtu ambaye twapenda jina lake litajwe katika kila darasa: Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia. Macho yake yalijua kutofautisha mti wenye nguvu na mti usio nayo. Alikusanya mbegu za miti iliyo bora kabisa kwa ajili ya Mwingereza Charles Ledger, na mwaka 1865 mbegu hizo zilifika Ulaya. Waingereza walizikataa, Waholanzi wakanunua kiasi cha ratili moja, wakazipanda Java. Miti iliyoota ilikuwa na kwinini nyingi kuliko yoyote iliyojulikana. Mti ukapewa jina la Ledger. Mamani alikamatwa na wakubwa wa nchi yake kwa kosa la kutoa mbegu, akapigwa gerezani, na akafa mwaka 1871 kwa mateso yale.

Machi 1942 majeshi ya Japani yaliiteka Java. Kwa siku chache tu mataifa yaliyopigana nayo yalipoteza zaidi ya tisa ya kumi ya kwinini ya dunia, na hapo ndipo macho yalipogeukia vilima vyetu. Miti ilikuwa imekwisha kujaribiwa Kivu kabla ya vita, hasa katika kituo cha kilimo cha Mulungu, kisicho mbali na Mudaka. Sasa ikapandwa kwa haraka. Katika miaka hiyo ya vita ilianzishwa Bukavu kampuni ya Congokina, ndiyo iliyoitwa baadaye Pharmakina. Kwa miaka mingi kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa vikubwa duniani kwa kwinini, chini ya kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Mannheim, hata mwaka 1999 kiliponunuliwa na wakuu wake wawili waliokuwa wakikiongoza.

Hatutaki kusimulia habari hizo kana kwamba zote ni za furaha. Mashamba makubwa ya Kivu, ya kahawa, ya chai na ya kwinini, yaliwekwa juu ya ardhi ambayo Bashi walikuwa wakiishika kwa kalinzi kutoka kwa machifu wao, na wazee wa Kabare hawajasahau. Kwa upande mwingine, wako watoto wengi waliosomeshwa kwa mshahara wa kiwanda kile na kwa gome lililouzwa na baba zao. Mambo hayo mawili ni kweli pamoja, wala moja halifuti jingine.

Kazi ya gome ni ya subira. Mti wa Ledger una dawa nyingi lakini mizizi yake ni dhaifu. Kwa hiyo mkulima huupandikiza juu ya shina la ndugu yake mwenye gome jekundu. Hungoja miaka minane, kumi au zaidi. Kisha mti huangushwa, na gome huambuliwa shinani, matawini, na hata mizizini, likaanikwa. Kiwandani husagwa kuwa unga na kuchanganywa na chokaa ili dawa iachane na nyuzi za gome. Huoshwa kwa kimiminika cha mafuta kinachoivuta, kisha asidi huitoa humo, na mwisho hubaki chumvi nyeupe laini. Chumvi hiyo hupimwa tena, hujaribiwa, kisha ndipo inapokuwa kidonge. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita ugonjwa wa mizizi uliingia mashambani na kuua miti mingi, nazo vita za 1996 na 1998 zikaongeza hasara.

Sasa tumrudie mama wa sokoni na kikapu chake.

Kijana wetu alisema kweli: gome lile ndilo lile lile. Tumpe basi hesabu. Mtu mzima mwenye kilo 60, alipotibiwa kwa kwinini, alipewa kiasi cha gramu 1 na nane ya kumi kwa siku, zikigawanywa mara 3, kwa muda wa siku 7. Mtoto wa kilo 10 alipewa sehemu ya sita ya hiyo, yaani chini ya theluthi ya gramu kwa siku. Tuseme mama ametia sufuriani gramu 100 za magome. Yakiwa ya mti dhaifu, wenye sehemu 2 za kwinini katika 100, mna gramu 2. Yakiwa ya mti wa Ledger, wenye sehemu 10 katika 100, mna gramu 10. Kwa macho magome hayo hayapambanuki. Tena maji ya moto hayatoi dawa yote: leo yatatoa robo, kesho nusu, kwa kadiri ya moto, muda, na unene wa vipande. Na ile kwinidini ya moyo imo sufuriani vilevile, bila kuitwa.

Kikombe cha mtoto kimejaa nini? Hakuna awezaye kusema, si mama, si mwuguzi, si profesa wa Bukavu. Huenda ni maji machungu tu, na malaria ikaendelea kupanda kichwani huku nyumba nzima ikisema mtoto amekwisha kupata dawa. Huenda ni gramu chache, na gramu chache zatosha kuua mtoto mdogo.

Dalili za kwanza za kuzidisha zajulikana na kila aliyewahi kutumia kwinini: masikio hulia kama kengele ya misa, kichwa huzunguka, tumbo hukataa. Ikizidi zaidi, macho huona giza, kusikia hupungua, moyo huruka mapigo. Tena kwinini hushusha sukari ya damu, hasa kwa mama mjamzito na kwa mtoto ambaye hajala. Mgonjwa huzimia, na watu hudhani ni malaria yenyewe, wakamwongezea kikombe. Katika ujana wetu tulilala chumba kimoja na mwenzetu aliyekunywa magome kwa siri kwa kuogopa kukosa mtihani. Kwa siku mbili tulizungumza naye kwa kuandika karatasini. Kusikia kwake kulirudi. Mtihani aliukosa.

Nao Wazungu wa zamani walipata somo lao. Waliokunywa kwinini kidogo kidogo bila taratibu, leo kidonge, wiki ijayo hakuna, walishikwa mara nyingi na ile homa ya kukojoa mkojo mweusi, ambapo chembe za damu hupasuka kwa wingi mwilini. Misaada ya madaktari haikufaa sana, na makaburi mengi ya wamisionari wa kwanza ni ya ugonjwa huo.

Kuna jambo jingine linalotuuma zaidi, na hili si la sokoni bali la sindano. Wazazi wetu hupenda sindano. Kidonge huonekana kama dawa ya nusu. Katika nchi nyingi za Afrika kwinini ilichomwa katika tako au paja la mtoto, mara nyingine na watu wasiojua mahali mshipa wa fahamu unapopita, tena kwa dawa kali isiyopunguzwa nguvu. Homa ilipona, mguu ukapooza, au msuli wa paja ukakakamaa goti lisikunjike. Msomaji akimkumbuka mtoto wa jirani anayechechemea tangu alipougua utotoni, huenda ameiona kazi ya sindano ile. Hatusemi hivi ili kumhukumu mwuguzi fulani. Twasema ili mzazi asimlazimishe mwuguzi kuchoma sindano pale ambapo kidonge kinatosha.

Yako mapya ambayo yule mama wa sokoni pengine hajaambiwa. Kwinini si tena dawa ya kwanza. Kwanza ilikuja klorokwini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ambayo wazazi wetu waliijua kwa jina la Nivaquine. Lakini vijidudu vilijifunza kuishinda, na mwaka 1978 ushindi wao ulionekana Kenya na Tanzania. Kongo iliiacha mwaka 2001. Wakati huo kwinini ilirudi kuwa kimbilio la mgonjwa mahututi. Kisha ikaja dawa ya mmea mwingine, Artemisia, ambayo Mchina Tu Youyou na wenzake walifaulu kuitoa katika majani miaka ya 1971 na 1972. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Kutoka humo hupatikana artesunate. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11; kati ya 100 waliopewa artesunate walikufa 8 au 9. Huenda mtu akaona tofauti hiyo ni ndogo. Na ahesabu watoto wa darasa letu, 50 kwa 50, kisha aseme ni wa nani yule mmoja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza artesunate itangulie kwa watoto wenye malaria kali, na kwinini ibaki pale inapokosekana.

Kwa homa isiyo kali hutumiwa vidonge vyenye dawa mbili pamoja, ili kijidudu kikishinda moja kisishinde ya pili. Wengine husikia habari za Artemisia wakapanda majani yake uani na kuyanywa kama chai. Ni swali lile lile la kijana wetu, limevaa nguo nyingine. Shirika hilo lilisema mwaka 2019 ya kwamba haliungi mkono chai hiyo, kwa sababu ile ile ya sufuria ya magome: dawa imo, kipimo hakimo, na dawa iliyo pungufu humfundisha kijidudu kupigana.

Hatuwadharau wale wachemshao. Februari 2025 vita ilipopita katika barabara yetu, ikafika Kavumu na siku mbili baadaye Bukavu, ni nani angemwambia mama mwenye mtoto wa homa, usiku, avuke njia kwenda kutafuta kidonge? Siku kama zile mtu hushika kilicho karibu, kama askari wa Usambara walivyoshika. Lakini siku ambazo njia i wazi, kituo kiko karibu na kipimo cha damu chapatikana, mtoto mwenye homa apelekwe siku ile ile, kabla hajaanza kusinzia, kutapika kila kitu au kushikwa na degedege. Na kama amekwisha kunyweshwa gome, mzazi asione haya kumwambia mwuguzi, tena kwanza kabisa. Wengi huficha wakiogopa kukemewa. Naye mwuguzi, asipojua, humpa dawa juu ya dawa.

Tulimsomea kijana yule makala haya kabla ya kuyapeleka. Alisikiliza hata mwisho, akafanya tena hesabu ya sufuria kwa kalamu yake, akaona tumekosea mahali pamoja, tukasahihisha. Kisha akatuambia jambo ambalo hakulisema siku ile ya soko: magome nyumbani kwao yapo, katika mfuko uliotundikwa juu ya jiko, nayo ni ya nyanya yake. Tulimwuliza nyanya hupimaje. Akakunja vidole vyake, akatuonyesha konzi.

Jumamosi tutakwenda kumwamkia nyanya, tukiwa na mizani ya darasani.